Chumba cha Chikongola

Shangani kuna upepo, lakini kodi ya miezi sita
ingemeza msimu mzima wa korosho za mama.
Mikindani ni rahisi, ila nauli
huuma ikipuliza, kama panya,
asubuhi na jioni.

Nikachukua hiki. Bati linavuja pembeni.
Bi Somoe, jirani, hukohoa alfajiri
nami najua saa bila kutazama.

Mpaka wodini Ligula ni dakika kumi na nane,
thelathini nikiitikia kila salamu.
Visigino vya viatu vimelika.

Juzi nimetoka zamu ya usiku,
nikaikuta chai ya Somoe haijapoa.

Dalali bado hupiga: "Dada, nyumba nzuri, Naliendele!"
Namuuliza: kwa miguu?
Anakata simu.