Herufi Moja

Karani wa Mahakama ya Mwanzo, Himo,
husoma kwa kidole, kama anayechambua mchele.
Cheti cha kifo: Ndelilio.
Kitabu cha benki: Ndeliliyo.
"Mama, hawa ni watu wawili."

Herufi moja, panda ya manati,
imempasua mzee katikati.

Basi nimerudi na hati ya kiapo,
elfu kumi na tano ya wakili, mia tano ya fotokopi,
nimeapa kwamba baba yangu
na baba yangu
ni mtu mmoja.

Muhtasari wa ukoo ninao pia.
Tulikaa kihambani mpaka mbege ikaisha,
wakanichagua mimi, mtoto wa kike, msimamizi.
Baba mdogo Aminieli alikohoa tu.
Sahihi yake imepinda kuelekea shamba la chini,
lile lenye mfereji.

Sasa ni tangazo. Siku tisini ubaoni,
nyuma ya wavu wa kuku, kati ya shauri la talaka
na ng'ombe aliyepotea Mwika.
*Mwenye pingamizi ajitokeze.*

Kila siku ya gulio, nikishauza ndizi,
napita kulisoma.
Jua linakula wino. Leo neno "marehemu" limefutika,
limebaki jina tupu,
Ndelilio Mlay wa Kilema,
kama mtu anayengoja kuitwa ndani.

Nimesimama pale, kikapu mkononi,
mpaka mlinzi akaniuliza nina shida gani.
Sina, nikamwambia.
Sina pingamizi.