Muuza Matumbo Atia Sahihi

Miaka ishirini na mitatu soko la Burma
nimeyageuza matumbo nje ndani,
nikayakwangua kwa kisu butu,
nikayasuuza maji matatu.
Utumbo mpana wa ng'ombe naujua kwa kidole gumba,
gizani, stima ikipotea.
Wangu sikuwahi kuuona.

Kikopo walichonipa kilikuwa kidogo, kifuniko cha buluu,
na kijiti ndani yake kama cha kukorogea chai.
"Kiasi cha punje ya harage," alisema Sista Kerubo
bila kucheka, bila kupunguza sauti,
na foleni nzima ya Jumanne ikatazama sakafu.
Mimi, ambaye mavi ya ng'ombe hayanitoki kuchani,
nikaona haya ya mavi yangu.
Nikakifunga gazetini, gazeti ndani ya bahasha,
nikatembea kutoka Ziwani kama niliyebeba pesa za chama.

Kaka yangu Mbithi alitibiwa bawasiri mwaka mzima.
Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema.
Mbithi hakuficha. Alisema.
Alimwambia mwenye koti jeupe na mwenye mizizi,
na kila mmoja akaubatiza ugonjwa wake
jina la jirani.
Walipompasua, walimshona tena saa hiyohiyo.

Mimi wameniwahi. Wamekata sentimita kumi na nane.
Nilipozinduka niliuliza: ulikuwa na uzito gani?
Daktari hakujua.
Mimi ningejua.

Sasa hii fomu ya utafiti. Kurasa kumi na moja,
Kiswahili chake kimepigwa pasi
hadi hakina mkunjo wa kushikia:
*Mshiriki atapangiwa kundi kwa njia isiyo na upendeleo.*
Sista, niambie kama unavyomwambia mamako.
Akaweka kalamu chini.

"Kuna tembe mbili, zimefanana kama mapacha.
Moja ina dawa, moja ni unga.
Kompyuta itakuchagulia, nayo haijui jina lako
wala watoto wangapi wanakungoja.
Mimi sitajua ipi. Daktari hatajua.
Tutakupima, tutakuandika, miaka mitano."
Na nikiangukia unga?
Nje mtu alikuwa akimwita Wanjala kwa kipaza sauti,
Wanjala, Wanjala, na Wanjala hayupo.
"Matibabu yako ya kawaida hayatapungua.
Na siku utakayosema basi, ni basi."
Na faida?
"Pengine si yako."

Pengine si yangu.
Sokoni neno hilo halina bei.
Kwetu mnunuzi na muuzaji huitazama mizani pamoja
na kila mmoja humshuku mwenzake.
Lakini nikawaza kila tembe niliyowahi kumeza,
ya malaria, ya jino, ya mgongo:
kuna mtu aliyeimeza mwanzo bila kujua,
na jina lake halimo kwenye boksi.
Nikamwaza Kyalo wa Mbithi, miaka thelathini na mmoja,
ana kicheko cha babake.
Sijui ana nini kingine cha babake.

Nikatia sahihi.
Mkono ulinuka limau niliyojisugulia
na, chini ya limau, kazi yangu.
Wakanipa nambari: mia mbili na kumi na tisa.

Kesho yake, alfajiri, beseni limejaa.
Nikageuza la kwanza, polepole,
nikalifuata pindo kwa pindo.
"Ndolo, leo watafuta nini humo, pete?"
Subiri, mama.
Nikafuta mkono mmoja kwenye aproni, nikapiga simu.
Kyalo akashika, sauti bado ina usingizi.
Nikamwambia:
kuna kikopo kidogo,
kifuniko chake ni cha buluu.
Usicheke. Sikiliza kwanza.