Sufuri Iko Juu

Nimezima feni. Nimezima friji ya soda ya jirani,
kwa ruhusa yake na ahadi ya dakika ishirini.
Juu ya bati korongo wawili wanatembea kama wenye nyumba;
hao sina swichi yao.

Nkwimba ameketi, kanga ya pili mabegani,
magamba ya dagaa bado yanameta kwenye ukucha wa gumba.
Miaka kumi na tisa ananadi pale Mwaloni, Kirumba,
na Jumatatu, Bugando, watamtia kisu kooni.
Daktari hakuahidi. Alisema, "Tutaona."
Ndiyo maana chama kimemtuma kwangu na elfu hamsini
niichukue sauti kabla ya kisu, waiweke kwenye spika.

"Nijaribie kidogo," namwambia.
"Kidogo kipi? Zimebaki chache," anasema,
kama anayehesabu chenji. "Sizimwagi kwenye jaribio."

Kwa hiyo nakadiria.
Aliyenifundisha, fundi Lugembe wa Igogo, alikuwa mtu wa kanda:
sindano iguse nyekundu, alisema, kanda hupenda kushiba.
Naam, kanda ilikuwa na huruma, ilipinda kabla ya kuvunjika.
Kigeuzi hiki hakipindi.
Kina hesabu zake, na zikiisha zimeisha:
sufuri iko juu kabisa, darini,
na sisi wote tunaishi chini yake, kwenye hasi.
Ukiigonga dari, wimbi linakatwa utosi,
linabaki bapa kama meza;
ukishusha baadaye, unashusha kilichokwisha kukatwa.
Niliwahi kukikata hivyo kicheko cha bibi harusi wa Nyamanoro.
Bado ninacho. Kinalia kama turubai linalochanika.

Basi naishusha priampu,
kifundo kinarudi nyuma, saa tano, saa nne, saa tatu,
mpaka pumzi yake inatulia kwenye hasi hamsini na kitu.
Taa ya kijani inapepesa. Nyekundu imelala.
Kijana wa chama aliyemleta ananinong'oneza:
"Mbona ndogo hivyo?"
Ndogo hukuzwa. Iliyokatwa haishonwi.
Nafasi ninayoiacha haina kitu sasa hivi;
ni ya yule atakayesimama ndani yake ghafla.

Akasimama.
"Dagaaa! Wakavu, hawana mchanga!
Ndoo kumi na nane, kumi na nane, nani kumi na tisa?"
Kioo cha dirisha kikajibu. Korongo wakaruka.
Mita ikapanda mbio, ikaishia hasi tatu,
vidole viwili chini ya dari.
Kumbe nilikuwa nimebana pumzi.

Nikairudisha, akasikiliza ameinamisha kichwa
kama anayepokea mzigo wa mtu mwingine,
akitafuta upungufu.
Kisha akasema, kwa mkwaruzo:
"Safi. Ila hiyo ni bei ya jana."

Tukacheka, yeye bila sauti.
Akaomba maji ya vuguvugu. Washa, akasema,
nitawapa namba zote, watazipachika wenyewe:
elfu kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Namba zikipanda, yeye akishuka.
Kumi na tisa iko hasi ishirini.
Ishirini na nne, hasi thelathini na sita,
na mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kifundo.
Sikukigusa.

Elfu thelathini ilikuja na hewa tu,
na nyuma yake, kwa mara ya kwanza siku ile,
nikasikia ziwa likilamba mawe chini ya ukuta,
na juu ya bati, mguu mmoja wa korongo,
umerudi.