Fundi wa Maji ya Theluji

Kuziba ufa ni kazi ya waashi. Mimi nilizibua.
Miaka thelathini na mmoja, nimepiga magoti
katikati ya barabara za Nagaoka,
nikichokoa vijitundu vya shaba vinavyorusha maji ya kisima
ili theluji iyeyuke kabla magari hayajaamka.
Maji yale yana chuma. Ndiyo maana lami yetu ni nyekundu,
na wageni huuliza hapa kumemwagika nini.

Sasa nina bomba langu mwenyewe:
kisanduku, ukubwa wa kifungo cha koti,
kimelazwa chini ya ngozi, juu ya mbavu,
mrija wake ukishuka hadi ndani ya tumbo
ambako saratani, ikitoka kwenye mfuko wa chakula,
imetapakaa kama mchele uliopasukiwa na gunia.
Sindano, dawa, lita moja ya maji.
Kisha nageuzwa kushoto, kulia, kama samaki juu ya makaa,
dawa ifike kila pembe.

Wiki ya tano dawa iligoma.
Muuguzi Kuwabara akasukuma, ikakataa.
"Pengine utando umeziba mdomo wa mrija."
Nikamwambia, usilazimishe, binti.
Ukilazimisha, maungio yataachia.
Niliona mtaa mzima ukifurika
kwa kijana mmoja mwenye haraka.
Akaniangalia. Akachomoa.

Wiki ya saba ngozi ikaiva.
Wekundu uleule wa lami,
na joto lake likapita shati.
Daktari Minagawa, mdogo kuliko mwanangu,
alitamka neno usaha kama anayeomba radhi.
"Tukitoe. Ngozi ikipona, tutaweka kingine upande wa pili."
Ikipona.
Nayajua mabomba yanayosubirishwa:
maji yakisimama mwezi wa kwanza, huganda.

Setsuyo, mke wangu, ndiye aliyekiomba.
Wakakiosha, wakakitia kwenye mfuko wa nailoni.
Nyumbani nikakiinua mdomoni nipulize,
mazoea tu, ndivyo nilivyopima kila tundu,
akaninyang'anya.
"Una wazimu?"
Basi sikujua kama kilikuwa kimeziba au la.

Saa kumi alfajiri maji yakafunguliwa nje.
Nikahesabu kwa masikio, kuanzia kona ya muuza mchele:
la kwanza, la pili, la tatu.
La nne kimya.
Nikaitafuta soksi moja gizani,
mkono mwingine ukishikilia bandeji.