Sentimita Arobaini

Ofisi yetu iko Mwanjelwa, ghorofani,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki.
Watu watano, kompyuta mbili, muhuri mmoja,
cheti cha usajili ndani ya kioo chenye ufa.
Ndiyo asasi.

Mkataba unaniita Afisa Ubia.
Mimi najijua kuwa koo.
Maneno hupita kwangu yakipanda mlima,
hupita kwangu yakishuka,
na kila yapitapo, kidogo hukwama.

Mwaka ule tulipanda Matamba na Bi Margit,
gari likihema, yeye akihesabu kona
mpaka hesabu ikampotea.
Mbele ya mashamba ya pareto kijiji kilitungoja
tangu saa mbili, makoti hadi masikioni,
viazi vya kuchemsha vimefunikwa kitenge.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mchoro ukatandazwa juu ya dawati la shule.
Bomba, kilomita tatu. Vituo, sita.
Kina cha mtaro: sentimita arobaini.

Yusta Kyando, mweka hazina wa kamati ya maji,
akasimama, kalamu kaichomeka kwenye kilemba.
"Mwambie," akasema, macho kwangu, si kwa mgeni,
"Juni hapa sakitu huing'ata ardhi.
Viazi tunavifukia na bado vinaungua.
Mwambie arobaini ni kaburi la kuku."

Watu wakacheka.
Bi Margit naye akacheka, akingoja kujua kwa nini.
Nikaitazama saa. Nikaiwaza tarehe ya kusaini,
mishahara ya miezi mitatu, kodi ya pango,
nikasema kwa lugha yake:
Anashukuru sana. Anasema huku kuna baridi.

Sikudanganya.
Nilipunguza.

Maji yalitoka Novemba. Yalipigwa picha.
Ripoti ikasema wanufaika elfu moja mia mbili na nne,
na wanne hao wa mwisho niliwaongeza mwenyewe
ili hesabu ionekane imehesabiwa.

Juni ikaja na meno yake.
Alfajiri moja bomba likapasuka mahali kumi na tisa,
na wanawake wakarudi bondeni na ndoo zilezile.
Kwenye fomu kuna kisanduku: Changamoto.
Kinachukua maneno ishirini na tano.

Nilikwenda peke yangu, nyuma ya bodaboda,
vidole vimekufa ganzi.
Yusta hakunigombeza. Heri angenigombeza.
Alinikaribisha motoni, akanimiminia chai,
kisha akaniwekea mapajani kipande cha bomba,
kimechanika kama ganda la harage.
"Hiki hakihitaji mkalimani," akasema.

Kikao cha wadau kilikuwa mjini Mbeya,
chupa za maji zimepangwa mstari, majina kwenye vikadi.
Nikakiweka kipande kati ya chupa.
Nikasema yote, na sakitu, na viazi,
na kuku nikamsema, na kaburi lake.
Safari hii hakuna aliyecheka.

Bi Margit akakigeuzageuza, tope likimwangukia kwenye sketi.
"Mbona hawakutuambia?"

Walisema.
Nikameza mate. Feni ilikuwa inazunguka bure, na baridi yote ile.
Walisema, na mimi nilikuwepo.

Aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake.
Sijui aliandika nini; labda jina langu.
Mkataba mpya ulichelewa miezi saba,
na wawili kati yetu watano waliondoka kutafuta riziki kwingine.

Sasa mtaro unachimbwa upya.
Yusta anatembea ukingoni na jembe lake,
analitumbukiza kichwachini; pasipozama mpini wote,
mchimbaji anarudi kuchimba, awe mjomba wake, awe mchungaji.

Kwenye mchoro, safu ya kina,
nimeandika: mpini wa jembe la Yusta Kyando.
Juzi wameuliza kwa barua pepe,
hizo ni sentimita ngapi?

Nimewajibu:
njooni mpime.