Kovu la Kioo

Sanduku la michezo tulilinunua kwa Mtaliano
hoteli yake ya Casuarina ilipofungwa,
pamoja na feni mbili na kreti la glasi.
Ndani nimetia kompyuta kuukuu, nimetia Linux.
Kioo ni kilekile chenye chogo,
kizito kama gunia la chumvi ya Gongoni.

Kinakataa. Picha inaviringika kama mkeka,
rubani kakatwa kichwa.
"Usikilazimishe," asema Nyevu, chuma cha kulehemu mkononi.
"Hicho ni kama bibi yangu:
ukimsemesha upesi, anafunga mlango."

Basi naandika kipimo kwa mkono:
mia tatu ishirini kwa mia mbili arobaini,
mara sitini kwa sekunde.
Nafuta. Naandika. Nawasha upya.
Kuviringika kumekoma, ila picha imekaa upogo.

Nyevu akakizima, akakimulika kwa tochi ya simu.
Pale juu, zimeungua humo kwa miaka,
sifuri sita za alama, kovu la kijivu.
Akatoa wanja mkobani, akazizungushia.
"Rula yako hiyo."

Nikaisogeza picha, nukta kwa nukta,
hadi sifuri ikaikalia sifuri.

Mlangoni mtoto wa jirani kashika shilingi ishirini,
auliza inaingia wapi.