Masahihisho

Bi. Eusebia Chilewa alikuja Gerezani na bahasha ya hospitali,
ile ya kahawia ya kubebea picha za eksirei,
ndani yake daftari tatu, mwandiko umelalia kulia
kama mtu anayewahi zamu ya usiku.
Alikuwa mkunga Temeke miaka thelathini na mmoja.
Akauliza: "Kitabu kinaanzia wapi?"

Nikamjibu kwa lugha ya kazini:
jalada, ukurasa wa haki, tabaruku,
yaliyomo, shukrani, dibaji, kisha utangulizi.
Akacheka. "Milango yote hiyo, na mwenye nyumba bado hajatoka?"

Utangulizi aliuelewa kabla sijamaliza.
"Ni kile kinachotangulia. Kichwa.
Ukiona mguu umetangulia, usiendelee,
kimbia kamwite daktari."
Dibaji ilimsumbua. Alilionja neno,
akasema lina harufu ya suti ya kuazima;
na kweli, aliiandika Daktari Kiwovele, kurasa mbili,
moja na nusu akijisifu.
Shukrani zake zote zilikwenda kwa mlinzi
aliyeshika chemli, mkono usitikisike.

Nikashuka naye hadi nyuma: hitimisho, kiambatisho,
marejeo, sherehe, faharasa.
"Sherehe? Kuna pilau?"
Hapana, ni maneno magumu yanafafanuliwa.
"Basi hiyo si sherehe, ni mtihani."
Kiambatisho akakiita kondo la nyuma
na akanikazia macho:
"Kikibaki kipande ndani, mama anaondoka.
Hesabu kurasa zako za mwisho."

Nilizihesabu. Faharasa peke yake ilikula kumi na nane:
majina ya kina mama, tarehe, uzito wa mtoto.
Jioni moja umeme ulipokatika na feni ikanyamaza
nilimulika kwa simu, nikamtafuta mama yangu
kwenye M, kisha kwenye K, kwa ubini wake wa zamani.
Hakuwamo. Mimi nilizaliwa Amana.
Sijui kwa nini niliumia.

Sasa niseme kosa langu.
Tabaruku ilikuwa mstari mmoja: *Kwa wasiolia.*
Nikadhani kalamu iliteleza.
Nani huyo, ndani ya chumba cha uzazi, asiyelia?
Nikaweka: *Kwa waliolia.*
Mashine ikala karatasi usiku kucha, nakala mia mbili,
gundi ikakauka migongoni,
harufu yake ikafika kwa wauza vyuma.

Alipokuja kuvichukua alifungua kimoja, akakinusa,
akapitisha kidole. Hakufika kwenye yaliyomo.
Akavaa miwani. Akavua.
"Waliolia walikwenda nyumbani," alisema.

Basi. Hakuongeza,
wala sikuuliza walikuwa wangapi.
Faharasa haikuwa na mahali pao;
faharasa hudai jina.

Nilikata vipande mia mbili vya karatasi,
upana wa vidole vitatu, nikachapa:
MASAHIHISHO. Ukurasa wa tatu, mstari wa pekee.
Badala ya "waliolia" soma "wasiolia".
Shomvi, fundi mwenzangu, akashauri tuvibandike mwisho,
ndiko masahihisho yanakokaa, hata mtoto anajua.
Nikavibandika mwanzo,
kimoja kimoja, kwa gundi ya unga wa ngano, nikipuliza,
mpaka adhana ya alfajiri.

Cha mia moja na tisini kilikaa mshazari.
Nilijaribu kukibandua, karatasi ikaanza kuchanika,
nikakiacha.
Hicho nimekinunua mimi.